Rampu ya boti ziwani: pesa ya kuijenga inapatikana, ya kuitunza ndio kazi

Nenda Jumamosi asubuhi kwenye rampu, ule mteremko wa zege wa kushushia boti majini, ya ziwa lolote la Marekani lenye wavuvi wengi, utakuta picha ile ile: pikapu inarudi nyuma taratibu na trela lenye boti, mtu mmoja kasimama kwenye gati kashika kamba, nyuma yao foleni ya magari yenye matrela inafika mpaka barabarani. Matairi ya trela yanaingia majini, boti inaanza kuelea, wanaisogeza pembeni, na dereva anapotaka kulivuta trela litoke, linagoma. Anakanyaga mafuta, matairi ya gari yanazunguka bure juu ya utelezi wa mwani, trela halisogei hata kidogo. Kumbe zege liliishia pale pale chini ya maji na mbele yake kuna shimo, matairi ya trela yametumbukia humo na ekseli imekaa kwenye ukingo wa zege kama ndoano. Juu maji yametulia tuli, huwezi kujua.

Hapo ndipo maneno yanaanza kwenye foleni, kwamba leseni ya kuvua tunalipa, usajili wa boti tunalipa, na hapa kwenye rampu bado wanataka tena hela ya kushusha, sasa zote zinaenda wapi? Wana haki ya kuuliza. Jibu lina kona nyingi, ila ukilifuatilia mpaka mwisho unagundua kwamba pesa ipo na imekuwepo miaka mingi tu, tatizo ni kwamba mfumo wote umepangwa vizuri kwa ajili ya kujenga, halafu kutunza kumeachiwa yule mwenye mfuko mdogo kuliko wenzake wote.

Tuanze na mwenye mali maana hapo wengi wanapotea. Watu wanaona ziwa moja wanadhani lina bosi mmoja. Maziwa mengi ya starehe kule ni mabwawa, yaani mto umezibwa ili kuzuia mafuriko, kuzalisha umeme au kumwagilia mashamba, na boti zimekuja baadaye kama faida ya pembeni. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi peke yake kina zaidi ya maziwa 400, huko magharibi kuna shirika la serikali kuu la mabwawa ya umwagiliaji, Tennessee kuna TVA, shirika la serikali kuu la umeme na mabwawa, na kuna mabwawa ya kampuni binafsi za umeme ambayo leseni yake inatolewa na tume ya nishati ya serikali kuu, na mara nyingi leseni hiyo inailazimisha kampuni iwawekee wananchi njia ya kufika majini. Kwa hiyo unaweza kukuta ziwa ambalo maji yake yanafunguliwa na kufungwa na jeshi, ardhi ya ufukweni imekodishwa kwa jimbo, rampu ilijengwa na idara ya samaki ya jimbo, na anayefagia, anayezoa takataka na kubadilisha taa ni kaunti. Siku zege likipasuka simu inazunguka kwa wote hao, na kila mmoja anakusikiliza kwa upole halafu anakupa namba ya mwenzake.

Sasa pesa. Mwaka 1950 Marekani walipitisha sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili walioisukuma, Dingell na Johnson. Wazo lake ni rahisi sana na mimi binafsi nalipenda: anayevua ndiye achangie uvuvi. Ukinunua fimbo ya kuvulia, mashine ya kukunjia mshipi au chambo bandia, ndani ya ile bei kuna ushuru wa asilimia 10 ambao kiwanda au mwagizaji ameshaulipa serikali kuu (kwenye fimbo umewekewa ukomo wa dola 10, na zile mota ndogo za umeme za kusogezea boti wanatoza asilimia 3). Ushuru huo hauingii kwenye kapu la jumla la serikali, unaenda kwenye mfuko wake maalum halafu unagawiwa majimbo. Mwaka 1984 wabunge wengine wawili, Wallop na Breaux, wakaipanua, bidhaa zaidi zikaingia, na kubwa kuliko yote ikaongezwa kodi ya mafuta yanayochomwa na boti.

Hapo kwenye mafuta pana utamu wake. Mtu mwenye boti ya kuvuta kwa trela hajazi mafuta ziwani, anajaza kwenye sheli ya kawaida akiwa njiani, pampu ile ile na magari, na kodi yake ya senti 18 na kitu kwa galoni inaingia kama vile ni ya barabara. Hakuna mtu anayesimama pale kuhesabu kwamba galoni hizi za gari na hizi za boti. Kwa hiyo serikali inakadiria, wana mahesabu yao ya boti ngapi zipo, zinatumika kiasi gani, injini inakula kiasi gani, wakishapata jumla wanakitoa kile kiasi kwenye mfuko wa barabara wanakihamishia kwenye mfuko wa uvuvi na boti. Hata mafuta ya mashine za kukatia majani bustanini yana mgao wake humo, hayo yanaelekezwa kwenye ardhi oevu za pwani. Ongeza ushuru wa forodha wa boti za starehe na vifaa vya kuvulia vinavyotoka nje, na hapo mfuko umekamilika. Ila angalia hii, kodi ya mafuta ya serikali kuu haijapandishwa tangu 1993. Bei ya zege, nondo na ujira wa fundi haikuwasubiri.

Mfuko ukishajaa, karibu asilimia 58 inaenda kwa majimbo kwa ajili ya samaki, na mgao wa kila jimbo unatokana asilimia 60 na idadi ya watu waliokata leseni za kuvua na asilimia 40 na ukubwa wa eneo lake la ardhi na maji, hakuna jimbo linalopata zaidi ya asilimia 5 ya yote wala chini ya 1. Katika hela hiyo ndipo rampu zetu zilipo: sheria inataka asilimia 15 itumike kuwafikisha wenye boti majini, yaani rampu, magati, maegesho, vyoo. Ilianza ikiwa 10 mwaka 1984, ikapanda, tangu 1998 ni 15. Kuna kifungu kingine cha pembeni kwa ajili ya magati ya boti kubwa za futi 26 na kuendelea zinazopita safarini, na kingine cha kunyonya vyoo vya boti ili uchafu usimwagwe ziwani, hivyo viwili vinagawana kama asilimia 4 ya mfuko.

Na kuna masharti, tena mengine ni mazuri kweli. Jimbo likichukua hela ya leseni za uvuvi likaipeleka kwenye mambo mengine, kama kuziba pengo la bajeti au kulipa mishahara ya idara isiyohusika, linaweza kukatiwa mgao wote. Hiki kifungu ndicho kimeulinda huu mfuko miaka yote hii, maana wanasiasa wakiona kapu limejaa mikono inawasha. Sharti lingine ni kwamba ukishajenga kwa hela hii lazima kile kitu kibaki wazi kwa kazi ile ile mpaka maisha yake yaishe, huwezi kesho kutwa kugeuza uwanja wa rampu ukawa mgahawa.

Sasa sharti linaloumiza wadogo: serikali kuu inatoa robo tatu, robo moja utafute mwenyewe, na kwa kawaida unalipa kwanza halafu ndio unadai urudishiwe. Chukua kaunti ndogo yenye rampu ya njia mbili inayotaka kufumuliwa na kujengwa upya kwa dola 1,000,000, nasema milioni kwa ajili ya hesabu tu iwe nyepesi. Dola 750,000 zitatoka juu, 250,000 ni zako. Robo yako inaweza kuwa thamani ya ardhi iliyotolewa bure au kazi ya mafundi wako wenyewe, hiyo wanakubali, lakini mkandarasi anataka kulipwa kila mwezi na yeye hatakusubiri wewe ujaze fomu. Kaunti yenye bajeti ndogo inabidi ikope au jimbo liibebe. Ndio maana ukipita sehemu nyingi unaona rampu nzuri ziko kwenye majimbo ambayo idara yake ina kitengo cha uhandisi kinachofanya kazi hii mwaka mzima, na kaunti zilizoachwa peke yake zinaendelea kumwaga kokoto kwenye matope.

Halafu kutunza. Kisheria hela ya mfuko inaweza kutumika kwenye matengenezo, haijakatazwa. Ila jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi wa jimbo mwenye maombi mengi mezani na mfuko mmoja, mradi mpya una picha, una utepe wa kukata, una mbunge anakuja na wapiga picha, na huku kuna ombi la kunyoosha mawe chini ya maji mahali ambapo hakuna atakayeona. Ni rahisi sana kusema hili la pili litasubiri mwakani. Na likisubiri miaka kumi inakuwa rampu mpya, bei mara kadhaa.

Acha nieleze rampu inavyokufa, maana ukishaielewa ndio utajua kwa nini kusubiri ni ghali. Rampu nzuri ina mteremko wa asilimia 12 mpaka 15. Ikiwa bapa sana gari linalazimika kuingia majini mpaka ekseli ya nyuma ndipo boti ielee, ikiwa kali sana gari linateleza na halipandi na mzigo. Sehemu ya juu ya maji wanamwaga zege palepale na kulichora mifereji ili tairi lishike na matope yateremke. Sehemu ya chini ya maji huwezi kumwaga kirahisi, kwa hiyo aidha wazuie maji kwanza, ambayo ni gharama kubwa, au washushe mbao nzito za zege zilizotengenezwa tayari, zimeunganishwa moja na nyingine na kusukumwa zishuke juu ya kitanda cha kokoto. Kule mwisho wanapanga mawe makubwa ya kulinda ukingo.

Adui namba moja wa huo ukingo ni sisi wenyewe. Mtu akimaliza kuvua, badala ya kuivuta boti kwa winchi na kamba mpaka ikae kwenye trela, anaipandisha kwa injini, anakanyaga gesi na propela inasukuma maji kwa nguvu kuelekea nyuma na chini. Yale maji yanachimba. Yanachukua mchanga na kokoto pale zege linapoishia na kwenda kuzimwaga mita chache mbele, kwa hiyo unapata vitu viwili kwa pamoja, shimo la kumeza trela na nyuma yake kilima cha mchanga kinachogonga propela za wengine. Mmoja akifanya haina shida. Wakifanya mia mbili kila wikiendi, kiangazi kizima, kitanda kilichobeba zile mbao za zege kinabaki hewani, mbao ya mwisho inainama, inayofuata inaifuata. Sehemu nyingi wameweka mabango ya kukataza, nyingine ni kosa kabisa, ila dereva aliyechoka na foleni nyuma yake hasomi bango. Kuziba shimo mapema ni kazi ya lori la mawe na siku moja au mbili. Kuliacha mpaka mbao zivunjike ni mkandarasi, vibali na msimu mzima rampu imefungwa.

Na vibali sio utani. Kuweka mawe au zege ndani ya maji ya umma kunakugusisha sheria ya 1899 ya mito na bandari na sheria ya maji safi, zote zinapita kwa wahandisi wa jeshi, halafu idara ya samaki inakwambia miezi hii samaki wanataga usiguse, kwa hiyo dirisha la kufanya kazi linabaki wiki chache, na hizo wiki ndio maji yawe chini, hela iwe imefika na mkandarasi awe na nafasi. Hayo yote kukutana kwa pamoja ni bahati. Sizipingi hizo sheria, ziwa lisilo na samaki halina haja ya rampu, nasema tu ndio sababu tengenezo la siku mbili linachukua miaka miwili.

Gati lina magonjwa yake. Kaskazini ziwa linaganda, barafu inashika nguzo na maji yakipanda inazing'oa taratibu kama mtu anavyong'oa msumari, kwa hiyo magati mengi yanafunguliwa vipande vipande na kutolewa nje kabla ya baridi na kurudishwa baada ya barafu kuyeyuka, kazi ya watu na mashine mara mbili kila mwaka hata kama hakuna kilichoharibika. Yale yanayoelea zamani yalikaa juu ya povu gumu jeupe (stairofomu) lililo wazi, likaliwa na jua, likamomonyoka vipunje vikasambaa ziwa zima, na panya wa majini wakachimba mashimo humo wakafanya nyumba, siku moja kona ya gati iko chini ya maji. Sasa hivi povu linafungwa ndani ya plastiki ngumu, na kuna majimbo yamelazimisha. Kwenye gati lenye umeme kuna hatari kubwa zaidi, waya ukivuja kwenye maji baridi yasiyo na chumvi mwili wa binadamu unapitisha umeme kuliko maji yenyewe, kwa hiyo anayeogelea karibu anakakamaa na kuzama na hakuna alama yoyote. Watu wamekufa hivyo. Ukaguzi wa waya ni mstari kwenye bajeti ya kila mwaka, na wakati wa kubana matumizi unakatwa mapema sana, jambo ambalo linanitisha kuliko mashimo yote.

Kuna hili pia la maji yenyewe kukimbia. Kwa mteremko wa asilimia 13, maji yakishuka mita moja unahitaji karibu mita 8 zaidi za rampu ili uyafikie. Ziwa Mead la Nevada na Arizona, nyuma ya bwawa la Hoover, likijaa usawa wake ni futi 1,229 kutoka usawa wa bahari, Julai 2022 lilishuka mpaka kama 1,040, hiyo ni zaidi ya mita 57, piga hesabu mwenyewe ni zaidi ya mita 400 za zege. Rampu nyingi pale zilifungwa moja baada ya nyingine, na walichokuwa wanafanya ni kurefusha na kurefusha huku maji yanaendelea kushuka. Ziwa Oroville la California 2021 lilikauka kiasi kwamba rampu zake ziliachwa juu mlimani na boti za kuishi zikalazimika kutolewa kwa mashine. Hela zilizoingia kwenye kufukuza maji zingeweza kutunza rampu nyingi za kawaida, lakini mtu wa Nevada ukimwambia asubiri mvua sijui utamwangaliaje usoni.

Na kome, wale viumbe wadogo wa majini wenye magamba mawili. Kome wa zebra walionekana kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1980, ndugu zao wa quagga wakaonekana Ziwa Mead Januari 2007. Wanasafiri wamejibana kwenye boti na matrela, wanaishi nje ya maji siku kadhaa, wakifika ziwa jipya wanaziba mabomba na kujipachika kila mahali, kwa hiyo rampu imegeuka kituo cha ukaguzi, kuna mtu anashika tochi chini ya boti yako na pampu ya maji ya moto. Huyo mtu ni mshahara, wa kila siku, kila msimu. Ruzuku ya kujenga haikumfikiria.

Sasa nani alipe zaidi? Mwenye kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kasia, hachomi mafuta, na majimbo mengi hayamsajili, ila anaegesha, anatumia choo na gati kama wengine. Wenye injini wanalalamika na nawaelewa, ingawa kayaki haichimbi shimo na kama anavua ameshalipa kwenye fimbo. Oregon tangu 2020 wanataka kibali kwa boti zisizo na injini na hela inarudi kwenye njia za kufikia maji, Pennsylvania nao wanataka kibali au usajili ukitumia sehemu zao za kushushia, Minnesota na Ohio wanasajili. Naona huko ndiko mambo yanaelekea, hasa boti za injini za umeme zikiongezeka, maana hizo nazo hazilipi senti ya petroli.

Kuhusu ile ada ya getini inayowaudhi watu, hapo mimi naangalia kitu kimoja tu, inabaki pale au inaondoka. Hifadhi za taifa kwa sheria ya 2004 kwa kawaida zinabakiza angalau asilimia 80 ya viingilio palepale vilipokusanywa. Kwenye rampu iliyojengwa na mfuko wa samaki, ada inaruhusiwa ila itumike kuiendesha na kuitunza. Kwa hiyo mtu wa kaunti akikutoza dola tano muulize kwa heshima zinaingia akaunti gani, na kama anakwambia kapu la jumla, hilo ni la kupeleka kwenye kikao. Sheria kubwa ya 2020 iliyotenga mpaka dola bilioni 1.9 kwa mwaka kwa miaka mitano kwa ajili ya matengenezo yaliyolimbikizwa iliwagusa hifadhi za taifa, misitu na wengine, maziwa ya wahandisi wa jeshi hayakuwemo, na huko ndiko kuna rampu kibao.

Sehemu nilizoona zinakwenda vizuri zina karatasi moja ya makubaliano: jimbo linajenga na kubeba kila kilicho chini ya maji, kaunti inabeba kilicho juu, choo, taka, mistari ya maegesho, taa. Imeandikwa, imesainiwa, kila mtu anajua simu ni ya nani. Na vuli ikifika, maji yakiwa chini na foleni imeisha, fundi anavaa buti ndefu za kifuani anateremka mpaka zege linapoishia na mti mrefu wenye alama za vipimo, anachoma chini hatua kwa hatua kutoka njia ya kwanza mpaka ya mwisho, anaandika kina. Pakiwa pamezidi ya mwaka jana anaagiza lori la mawe wiki ile ile.